Miaka Yangu Kwenye Benchi la Maswali

Mwezi uliopita niliacha kazi ya uulizaji kwa Mzee Nyagawa, nje kidogo ya Makambako, na ninyi wawili mliobaki mkaniomba niwaandikie yale ambayo sikuwahi kuyasema vizuri kwa mdomo. Nimeandika. Kama mlitarajia siri za bao mtasikitika, kwa sababu bao lenyewe sikuligusa hata siku moja kwa miaka yote hiyo. Kazi yangu ilikuwa benchi la nje, na benchi lina mambo yake.

Kwa atakayesoma haya bila kutujua, nieleze kidogo. Bao la Mzee Nyagawa ni kipande cha mti mgumu, urefu wake kama kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya vidole, kimechongwa mfereji katikati. Ndani ya mfereji huwekwa kigogo kidogo, unene wa kidole gumba, kinanyunyiziwa maji, na Mzee hukisugua kwa kidole gumba mbele na nyuma wakati swali linasemwa. Kikiteleza mpaka mwisho, jibu ni hapana. Kikikwama, jibu ni ndiyo. Bao halina neno la tatu. Halisemi labda, halisemi njoo kesho, wala halitoi pole. Kwa hiyo kwetu anayesugua hasemi kitu, na mwenye shida naye hasemi kitu, maana ukimwachia mwenye shida aseme ataanza na ugomvi wa babu yake. Katikati yao anakaa mwulizaji. Yeye humsikiliza mtu nje, huichukua hadithi yote, huikata mpaka yabaki maswali matatu, kisha huingia naye ndani na kuyasema. Mzee haijui hadithi. Anasikia swali tu.

Niliajiriwa kwa sababu najua kusoma na kuandika. Aliyenipokea ni Bibi Yudita, mwulizaji wa kabla yangu, mama mfupi mwenye sweta mbili mwaka mzima, moja ya kwaya na nyingine ya kazini. Macho yake yalikuwa yameanza kuchoka, akataka mtu wa kumwandikia daftari. Siku ya kwanza alinikalisha benchini kuanzia asubuhi hadi saa saba mchana nisikilize watu, akanikataza kutikisa kichwa.

"Ukitikisa kichwa umeshamjibu," alisema. "Sasa bao tutaliuliza nini?"

Jaribuni siku moja. Kukaa mbele ya mama anayelia, msitikise kichwa. Shingo iliniuma hadi jioni.

Mama wa kwanza siku hiyo alizungumza kwa muda mrefu sana. Alipokwenda kunawa uso, Bibi Yudita akaniuliza huyu mama anataka nini. Nikasema anataka kujua kama mumewe bado anampenda. Bibi akacheka mpaka akakohoa.

"Hilo bao litalijuaje? Na likisema ndiyo, kesho atapika kitu gani ambacho leo hakupika?"

Akamrudia yule mama, akamuuliza hiki na kile, taratibu, kama mtu anayetoa mwiba. Mume ni dereva. Analala wapi akipita njia hii? Anarudi na nguo zimefuliwa au chafu? Nani kamwambia nini? Baada ya muda swali likatoka lenyewe: je, mume wangu amejenga nyumba nyingine Mafinga? Nilimwona yule mama akiacha kulia palepale, kabla hata hajaingia ndani. Tangu siku hiyo nimeona jambo hilo mara nyingi. Mtu akishalijua swali lake, nusu ya mzigo inatua.

Bibi Yudita alikuwa na taratibu zake na sikuona mtu aliyezishinda. Kila mgeni alipewa mawe matatu ya mtoni, ayashike mwenyewe. Kila swali likishaulizwa, jiwe moja linadondoshwa kwenye sufuria ya maji, na ule mlio unamfanya mtu aone kuwa swali limekwenda na halirudi. Mtu mwenye mawe matatu mkononi hawi mropokaji. Maneno "nani" na "kwa nini" hayakuvuka mlango, kwa sababu bao haliwezi kuyajibu, na mwenye shida asipojibiwa hujijibu mwenyewe. Aliyekunywa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, hakupewa mawe kabisa, hata kama ni mjumbe wa serikali ya kijiji. Msimu wa ulanzi tulikuwa tunapumzika sana.

Kisha lilikuwapo jambo alilolithamini kuliko yote. Kabla ya kuingia ndani, mgeni aliulizwa: bao likisema ndiyo utafanya nini, na likisema hapana utafanya nini? Kama majibu yote mawili ni yaleyale, Bibi alimwomba arudishe mawe. "Wewe umeshaamua, baba. Nenda kafanye." Wengine walikasirika, wakasema tunawafukuza wateja. Mzee Nyagawa hakulalamika. Nadhani aliona heri apumzishe kidole gumba.

Najua mtaniuliza juu ya hicho kidole gumba, kama mchungaji wangu alivyoniuliza mara kadhaa, ni bao linalokwama au ni mkono wa Mzee. Mimi ni Mlutheri, nimeimba sauti ya pili kwa miaka mingi, na Jumapili hatukufungua. Jibu langu kwa mchungaji lilikuwa kwamba sijui, na kwamba sikuajiriwa kulijua hilo. Nilichokijua ni kwamba watu waliofika pale walikuwa hawajui kuuliza, na walipoondoka walikuwa wanajua kidogo. Mchungaji alisema hilo si jibu. Kweli, lakini mpaka leo sina jingine.

Maswali yalibadilika na nyakati. Nilipoanza yalikuwa ya ng'ombe, mipaka ya mashamba na wanawake wasiopata mimba. Yakaja ya mbao, kisha ya simu, kisha ya parachichi. Mwaka mmoja kila aliyekaa benchini alitaka kujua kama ang'oe misindano, miti yake ya mbao, apande parachichi. Nilimuuliza mmoja wao kama ameshapima udongo. Akasema hapana, ndiyo maana amekuja. Nikamwelekeza kwa bwana shamba, akaniangalia kama vile nimemtukana. Alikuja pia mwanafunzi aliyetaka bao limwambie maswali yatakayotoka kwenye mtihani. Nikamwambia bao hujibu maswali, halitungi, na nikampa viazi vya kuchemsha ale ndipo aende zake.

Hayo ndiyo mambo mepesi. Sasa niandike lile ambalo hasa nimelikalia.

Nilikuwa sijamaliza mwaka kazini. Bibi Yudita alikwenda msibani kijiji cha Yakobi, akaniachia benchi kwa juma moja, akisema nisipokee jambo zito. Ilikuwa masika, mvua hainyeshi na kuacha, inanyesha tu. Siku ya tatu akaja mwanamume wa pale Makambako, fundi wa kupasua mbao, nguo zimemganda mwilini. Watu walimwita Baba Festo. Festo alikuwa mtoto wake wa miaka mitatu, na walikuwa wamemzika juma lililotangulia.

Nilimkaribisha, nikampa mawe. Aliniambia nyumbani kwake anakaa yeye, mke wake, na Edina, mdogo wa mke wake, msichana aliyetoka Iwawa, kule Makete, kuja kumsaidia dada yake kulea. Mtoto aliugua. Edina akampikia uji. Mtoto akanywa, na kabla ya asubuhi akafariki. Tangu hapo majirani wanasema maneno. Mke wake hali wala hasemi. Yeye anataka kujua.

Nilipaswa kumuuliza mtoto aliugua kwa siku ngapi. Nilipaswa kumuuliza nani mwingine alikunywa ule uji. Nilipaswa kumuuliza lile la ndiyo na hapana. Sikuuliza hata moja. Nilikuwa na miaka ishirini, mtu mzima analia mbele yangu, na nilitaka sana kumpa kitu aende nacho nyumbani. Nikaingia naye, Mzee akaanza kusugua, nami nikasema kwa sauti: "Je, Edina alimpa Festo uji, na uji huo ukamwua?"

Kigogo kikakwama katikati ya mfereji.

Baba Festo akadondosha jiwe moja, mawili akaniachia, akatoka kwenye mvua. Nakumbuka nilijisikia nimefanya kazi. Hilo ndilo linalonitia aibu kuliko yote, kwamba jioni ile nilikula vizuri.

Bibi Yudita aliporudi alinitaka nimsomee daftari. Nilipofika kwenye swali lile akainua mkono.

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Edina kutoa uji, nani alikuwa anabisha?"

"Hakuna, Bibi. Mwenyewe alisema ametoa."

"Basi hilo lilikuwa linajulikana. Na uji kuua, nani alikuwa anajua?"

"Hakuna."

"Umewafunga ng'ombe wawili kwa kamba moja, Tabitha. Bao limevuta kamba. Sasa umeona wamekuja wote, unasema wote wameitwa."

Hakunigombeza. Alivaa sweta ya pili juu ya ile ya kwanza, akaniambia tutakwenda kwa Baba Festo saa hiyohiyo. Tulipofika tulimkuta ameketi mlangoni. Edina alikuwa ameshaondoka siku mbili nyuma, amefungashiwa nguo kwenye khanga na kupandishwa lori la viazi lililokuwa linarudi Iwawa. Dada yake hakutoka nje kumuaga. Bibi Yudita akamweleza Baba Festo kwamba swali liliulizwa vibaya, kosa ni letu, na jibu lile halina kazi. Alimweleza vizuri sana, mimi nisingeweza. Baba Festo alisikiliza mpaka mwisho.

"Bao limesema," akajibu. Akaingia ndani.

Njiani Bibi akanipa kazi moja. Niende Iwawa, nimtafute Edina, nimwambie kilichotokea, ili walau yeye ajue kwamba bao halikusema anavyodhani limesema. Nikaitikia. Siku hiyo barabara ya Makete ilikuwa imeharibika kwa mvua. Kiangazi nikawa na mimba. Baadaye mtoto alikuwa mdogo. Baadaye tena nikasema Edina ameshaolewa, ameshasahau, nitamtonesha kidonda bure. Sababu hazikuniishia, kila mwaka nilipata mpya. Bibi Yudita aliniuliza mara mbili, mara ya tatu hakuuliza. Alipofariki nililia kama mtu wa familia, na sehemu ya kilio ilikuwa hiyo.

Jambo moja alilifanya kabla hajafa, na mmelikuta. Alimwita Mzee Nyagawa, wakakaa, wakakubaliana kwamba jina la mtu halipandi kwenye bao. Mtu aweza kuuliza juu ya safari yake, shamba lake, mwili wake, uamuzi wake. Juu ya mkono wa mtu mwingine haulizi. Miaka mingi baadaye afisa wa wilaya alikuja na karatasi zake za usajili, akatuhutubia kuhusu ramli chonganishi, kwamba serikali haitaki kusikia waganga wanataja wachawi na kuvunja familia. Mzee akamwambia hapa jina halitajwi tangu zamani. Afisa akafurahi, akauliza utaratibu huu mzuri ulianzaje. Mzee akanitazama. Nilikwenda kuangalia moto.

Nilifanya kazi vizuri baada ya hapo, nasema hivyo bila majivuno. Niliuliza polepole. Nilihesabu mambo kwenye vidole kabla ya kuvuka mlango, na likizidi moja nilirudi benchini na mgeni wangu hata kama nje kuna foleni. Watu walinisifu. Walisema Mama Tabitha anauliza mpaka unajua shida yako. Kila waliponisifu nilimkumbuka msichana kwenye lori la viazi, na sikuwaambia.

Mwaka huu, kipindi cha baridi, ukungu umeshuka hadi huoni barabara, akaja mzee mmoja na fimbo, amejifunga shuka juu ya koti. Akakaa benchini. Nikamsalimu, "Kamwene," akaitikia, na kwa sauti yake tu nikamjua. Yeye hakunijua. Nilikuwa nimenenepa, na nywele zimebadilika rangi.

"Mke wangu anaumwa," alisema Baba Festo. "Madaktari wameturudisha nyumbani. Anamtaka mdogo wake. Tangu Jumapili hasemi jina jingine."

"Mdogo wake yuko wapi?"

"Iwawa. Analima viazi. Lakini kuna jambo la zamani baina yetu. Nataka bao liseme tena, kama ni yeye au si yeye. Likisema si yeye, nimwite."

"Na likisema ni yeye?"

Akageuza fimbo mkononi.

"Mke wangu atakufa akimwita," alisema.

Nikamwambia mimi ni nani. Nikamwambia pia kwamba jina la mtu halipandi tena kwenye bao la nyumba hii, na hata lingepanda mimi nisingelitaja hilo. Yupo mtu mmoja anayejua mtoto alikula nini na hali yake ilikuwaje, na huyo hajaulizwa na yeyote. Tumuulize yeye. Kama ana gari, twende kesho. Kama hana, nitatafuta.

"Atakubali kunijibu?" aliuliza.

"Sijui. Lakini mke wako anasubiri."

Niliingia ndani nikamuaga Mzee Nyagawa. Nilimwambia nikirudi nitawakabidhi ninyi benchi, kwa sababu mtu aliyemaliza miaka yote hii kuwapangia wengine maswali huku la kwake amelikwepa, hafai kukaa pale. Mzee ni mtu wa maneno machache. Alisema, "Vaa vizuri, Makete kuna baridi," na akarudi kwenye chai yake.

Mimi na Baba Festo tulikwenda na pikapu ya kijana wake aliyezaliwa baada ya Festo, yeye akiendesha, mimi katikati. Njombe tulisimama tukanywa chai, na Baba Festo akanunua kilo mbili za sukari, akaziweka mapajani mwake, akazishika mpaka tunafika. Zaidi ya Njombe baridi ikawa ya kweli. Kioo cha gari kilifuka mvuke na kijana alikuwa anakifuta kwa mkono wa koti.

Edina tulimkuta jikoni. Ni mama mtu mzima sasa, mrefu, mikono mipana ya mkulima. Alikuwa amebandika viazi. Alimwona Baba Festo mlangoni na hakushtuka, au kama alishtuka hakuonyesha.

"Shemeji," alisema. "Karibuni kwenye moto."

Tukakaa kwenye vigoda. Baba Festo akampa sukari kwa mikono miwili, akajaribu kuanza, akashindwa. Nikaanza mimi. Nilimwambia kwamba mimi ndiye niliyesema swali mbele ya bao siku ile, kwamba nililisema vibaya, kwamba niliambiwa nije kumweleza nikiwa bado msichana, na sikuja. Sikutaja mvua wala mimba wala barabara. Kisha nikamwomba ruhusa ya kumuuliza mambo manne, moja moja. Akasema niulize.

"Festo alianza kuugua siku gani?"

"Jumatatu."

"Uji ulimpa lini?"

"Jumatano jioni. Alikuwa amekataa kula kila kitu."

"Kuna mwingine aliyeunywa?"

"Mimi. Alikunywa vijiko viwili tu. Uliobaki niliumaliza mimi, nilikuwa sijala tangu asubuhi."

"Kabla ya uji, hali yake ilikuwaje?"

Edina akachochea moto. "Alikuwa anahema harakaharaka, mbavu zinaingia ndani. Nilimwambia shemeji tumpeleke hospitali. Akasema tusubiri mvua ikatike, tutakwenda asubuhi."

Nilimtazama Baba Festo. Hakubisha. Viazi vilikuwa havijaanza hata kuchemka.

"Umemaliza?" Edina aliniuliza.

"Nimemaliza."

"Basi na mimi nina swali. Siku ile ulipokuwa unauliza, wewe mwenyewe uliamini kwamba nimemwua Festo?"

Maelezo yalinijaa mdomoni. Nilikuwa mdogo, nilimwonea huruma yule baba, sikuwa nakujua. Nimewakatisha mamia ya watu maelezo ya namna hiyo.

"Ndiyo," nikasema.

Akaipokea. Akamgeukia Baba Festo.

"Na wewe, shemeji?"

Baba Festo aliangalia moto kwa muda mrefu, mpaka kijana wake, aliyekuwa amesimama mlangoni, akatoka nje mwenyewe bila kuambiwa.

"Hapana," alisema. "Hata siku moja. Mimi ndiye niliyesema tusubiri mvua, na nilijua. Mama Festo alikuwa ananitazama. Sikuweza kukaa na yale macho. Nilikwenda kwenye bao nikitafuta mtu mwingine wa kumpelekea."

Kwa miaka zaidi ya thelathini nilidhani dhambi ile ni yangu peke yangu, ya swali langu bovu. Pale jikoni niliambiwa kwamba yule mtu hakuwa amekuja na swali kabisa, na kwamba hata ningeuliza vizuri kuliko Bibi Yudita, huenda Edina angepanda lori lilelile. Mtafikiri nilipata nafuu. Sikupata. Kama ningemuuliza pale benchini atafanya nini, ningemwona. Ningemwona kwenye uso wake, maana kazi yangu ilikuwa hiyo, na mtu aliyetafuta pa kupeleka macho ya mke wake labda angeweza kuambiwa, kwa upole, ayarudishe nyumbani. Nililia. Baba Festo naye alilia. Edina hakulia. Alituacha tulie kama mtu anayesubiri wageni wavue viatu.

Alipoona tumetulia akaitoa sufuria kwenye mafiga, akamwita binti yake aje aangalie nyumba, akachukua blanketi kitandani na kulikunja. Baba Festo akasimama, akataka kusema neno la kuomba radhi, na nadhani angelisema refu.

"Dada bado anasikia?" Edina alimkatisha.

"Sikio la kushoto tu."

"Basi nitakaa upande huo."